Maua ya kubanwa si maua makavu tu

Wiki hii nimelisikia tena kosa lile la kuliita ua lolote lililokauka ua la kubanwa. Bibi harusi kaleta shada la mawaridi, wiki tatu limening'inia kichwa chini jikoni kwake, anaomba liwekwe kwenye fremu ya kioo kwa kuwa "tayari limebanwa". Halijabanwa, limekauka. Nilipoligusa ua moja, petali zilimeguka vidoleni kama ganda la kitunguu.

Kubana maua ni kuyalaza bapa katikati ya karatasi zinazonyonya maji, ukayawekea uzito mpaka unyevu uishe, kisha ukayapanga na kuyabandika yawe picha. Maana ndiyo hiyo.

Wengi husema yote ni mamoja, kwani mwisho wake ni ua lisilo na maji. Sikubali. Ua linalokauka hewani hujikunja kadiri maji yanavyolitoka, likabaki na unene wake. Mahali pake ni kwenye chombo. Ua la kubanwa hunyimwa nafasi ya kujikunja tangu likiwa bichi. Ndiyo maana waridi, lililo nene, hufumuliwa petali mojamoja, kila moja ikabanwa peke yake, halafu ua likaundwa upya juu ya karatasi.

Wajapani huiita sanaa hii oshibana. Oshi yatokana na kitenzi osu, kusukuma au kukandamiza. Bana ni hana, yaani ua, ambalo h yake hugeuka b maneno yanapoungana. Mswahili akiisikia hiyo bana atadhani ni kubana kwetu. Ni sadfa tu, kubana kwenyewe kumo ndani ya oshi. Ukavu haumo kabisa katika jina hilo.

Ukavu umetoka kwa wanabotania, yaani wataalamu wa mimea. Luca Ghini, aliyefundisha Bologna na Pisa katika karne ya 16, ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa kuhifadhi mimea kwa kuikausha kati ya karatasi. Mikusanyo ya namna hiyo iliitwa kwa Kilatini hortus siccus, "bustani kavu". Leo tunasema hebaria, kama ile ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya jijini Nairobi. Huko pia mimea hubanwa, lakini ili itambulike: jani, ua na tunda, pamoja na lebo ya mahali na tarehe ilipochumwa. Rangi ikififia, kazi haijaharibika. Kwetu sisi wa mapambo, rangi ndiyo roho ya kazi. Asumini yenyewe, kwa weupe wake wote, hugeuka kahawia usipoibana mapema na kubadilisha karatasi kila zinapolowa.

Kwa hiyo, dada yangu, shada lako bado ni zuri. Litie kwenye chombo, mbali na dirisha lenye jua. Na mdogo wako akiolewa, mwambie alilete shada kesho yake asubuhi, vikonyo vikiwa bado ndani ya maji.