Cheni ya boda ikilia: ya vijiweni na ya kweli

Ukikaa kijiweni Buzuruga, hapa Mwanza, asubuhi, unajua nani anakuja kabla hujamwona. Mmoja analia nyi-nyi-nyi kama kifaranga aliyepotezana na mama yake. Mwingine anagonga tak-tak kila akiongeza mwendo. Wa tatu anasaga, utadhani anatafuna mchanga. Kijiwe kina dawa moja kwa wote: "Mwagia oili, itanyamaza."

Na inanyamaza kweli. Nilifanya hivyo miaka yote niliyobeba abiria. Sasa nimeshika spana, naletewa spoketi, yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni, zimechongoka kama meno ya msumeno, na mwenye pikipiki anashangaa: mbona juzi ilikuwa imetulia? Ilitulia kwa sababu oili ilizima mlio. Kilichokuwa kinaliwa kiliendelea kuliwa, kimyakimya.

"Kinacholia ni cheni"

Cheni inalaumiwa kwa sababu ndiyo inayoonekana. Lakini kwenye tairi la nyuma kuna breki, kuna beringi, kuna raba zilizo ndani ya habu (kitovu cha tairi) nyuma ya spoketi, na mbele kidogo kuna bushi za swingamu, ule mkono unaobeba tairi. Vyote hivyo vinalia, na hakuna hata kimoja kinachopona kwa kumwagiwa oili kwenye cheni.

Kabla hujanunua kitu, fanya hivi. Ukiwa kwenye mteremko usio na magari, kwa mfano ukishuka kutoka Bugando alfajiri, kamata klachi na uiache pikipiki iteremke yenyewe. Mlio ukipotea injini inaposhuka sauti, angalia upande wa injini. Mlio ukiendelea kufuata mwendo wa tairi, tatizo liko kwenye cheni au kwenye tairi lenyewe.

Kisha simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, zima injini, toa gia, zungusha tairi la nyuma kwa mkono, polepole, na uhesabu. Hapa ndipo watu wengi wanapita haraka, na ndipo jibu lilipo. Mlio unaorudi mara moja kila tairi linapomaliza mzunguko unatoka kwenye kitu kinachozunguka na tairi: dramu ya breki, beringi, au spoketi ya nyuma iliyopinda. Lakini cheni haizunguki sawa na tairi. Chukua cheni ya pingili 118 na spoketi ya nyuma yenye meno 42: tairi linazunguka karibu mara tatu ndipo cheni imalize mzunguko wake mmoja. Kwa hiyo mlio unaokuja kila baada ya mizunguko karibu mitatu ya tairi unakuambia kuna pingili imekakamaa mahali fulani kwenye cheni. Itafute kwa macho chini, cheni inapotoka kwenye spoketi: haitanyooka kama wenzake, itabaki imejikunja.

Mlio usiokatika, wa nyi-nyi-nyi mfululizo, ndio ule wa ukavu. Kila pingili ina pini inayozunguka ndani ya bushi, na juu ya bushi kuna rola inayokaa kwenye meno ya spoketi. Chuma kikikutana na chuma bila oili katikati, kinalia. Huyu wa nyi-nyi-nyi ndiye pekee kati ya wale watatu wa kijiweni ambaye oili inamfaa.

"Oili chafu inatosha, si oili tu?"

Oili iliyomwagwa kutoka kwenye injini ina unga wa chuma, masizi na tindikali. Ukiipaka kwenye cheni umeipaka kilekile kinachoila. Halafu ni nyepesi: inarukia rimu, suruali ya abiria na, mbaya kuliko yote, tairi. Nayo haifai kuchezewa kwa mikono mitupu kila siku, kwa sababu inadhuru ngozi na kuizoea kwa miaka kunahusishwa na saratani ya ngozi. Inayobaki inamwagwa kwenye mtaro, mvua inaisukuma hadi mto Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani. Maji hayohayo tunakunywa na sato wanaishi humo. Hili linaniuma, sitaficha.

Kinachofaa ni gia oili yenye namba ya uzito SAE 80 au 90, ndiyo ambayo vitabu vya pikipiki nyingi ndogo vinaitaja. Ni nzito kiasi cha kushika, ni nyepesi kiasi cha kupenya. Grisi tunayoshindilia kwenye beringi haipenyi kati ya pini na bushi. Inabaki nje na kukusanya mchanga.

Paka jioni ukimaliza kazi, cheni ikiwa na joto, ili oili ipenye usiku kucha. Ipake upande wa ndani wa cheni, ule unaotazama meno, kwa sababu cheni ikizunguka oili inarushwa kwenda nje. Ukiipaka nje imeshaondoka kabla hujafika barabarani. Matone machache kwenye nafasi za kati ya bamba na bamba, kisha futa inayobaki. Cheni iliyopakwa vizuri haitiririki. Vitabu vingi vinataka kazi hii ifanyike kila kilomita 500 hadi 1,000, na boda anayezunguka kutwa anazifikia upesi. Masika usisubiri kilomita: ukinyeshewa, paka.

"Washa injini, weka gia, izunguke yenyewe"

Hapana. Hapana kabisa. Nimeona watu wanaitegemeza kwenye stendi, wanaweka gia ya kwanza na kushika kitambaa kwenye cheni ili isafishike haraka. Kitambaa kinaponaswa, kinavutwa pamoja na vidole, na kati ya cheni na spoketi kidole hakichubuki, kinakatika. Zungusha tairi kwa mkono, injini imezimwa. Kazi inachukua dakika tano zaidi, na ukimwona kijana wako anaifanya kwa injini, mwachishe papo hapo.

"Ikazwe mpaka isicheze"

Hii ndiyo dhana inayogharimu kuliko zote, na nimeilipia mwenyewe. Cheni ikilegea inagonga, ni kweli, hasa ukiachia na kuongeza mafuta. Basi watu wanadhani ikikazwa kama waya wa umeme itatulia. Lakini tairi la nyuma halikai mahali pamoja. Linapanda na kushuka na shokapu, na umbali kati ya spoketi mbili unabadilika. Unakuwa mkubwa kuliko wote pale spoketi ya mbele, bushi ya swingamu na ekseli ya nyuma zinapokaa mstari mmoja, na zinakaribia kukaa hivyo pikipiki inapobeba mzigo. Cheni uliyoikaza pikipiki ikiwa tupu, ukipakia mshikaki wa watu wawili na gunia la dagaa kutoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba, inakuwa uzi wa gitaa. Inavuta beringi ya shafti ya gia, inavuta beringi ya tairi, na sili ya oili nyuma ya spoketi ya mbele inaanza kuvuja.

Inapaswa kucheza. Pima katikati ya sehemu ya chini, isukume juu na chini kwa kidole: pikipiki nyingi za hapa zinataka kati ya milimita 20 na 35, na kipimo cha yako mara nyingi kimebandikwa kwenye swingamu au kava ya cheni. Pima mahali panne au patano ukizungusha tairi, kwa sababu cheni hailiki sawasawa. Rekebisha kwa kufuata mahali palipokaza zaidi. Ukirekebisha kwa kufuata palipolegea, pale pengine patakatika.

Kisha kuna hili la breki. Ukisogeza tairi nyuma ili ukaze cheni, fimbo ya breki ya dramu nayo inavutika. Siku moja nilikaziwa cheni kwenye gereji moja, nikapakia abiria wa Magu. Tulipopita Igoma nikasikia mlio mpya, mwembamba, nikajiambia cheni imekazwa vizuri tu, itazoea. Kisesa tulinusa moshi. Habu ilikuwa ya moto kiasi kwamba tone la maji lilichemka juu yake. Breki ilikuwa imeshika njia nzima. Fundi alikuwa amekaza cheni na kuiacha nati ya fimbo ya breki ilivyokuwa, nami sikuzungusha tairi kwa mkono kabla ya kuondoka. Tangu siku ile sipokei pikipiki iliyokazwa cheni bila kuliinua tairi na kuona linazunguka huru. Ikilia baada ya kukazwa, anza na breki.

Angalia pia alama za pande zote mbili za swingamu, zilingane. Tairi likikaa upande, spoketi hazikai mstari mmoja, na cheni inasugua ubavu wa meno. Utaona bamba za ndani za cheni zinang'aa upande mmoja kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga.

"Maji ya ziwa yana chumvi, yanakula cheni"

Ziwa Victoria ni maji baridi, hayana chumvi ya bahari. Ila ukiiosha pikipiki ufukweni maji yanaondoa oili, mchanga wa ufukweni unaingia kwenye pingili, na asubuhi unaikuta cheni nyekundu. Osha, kausha, paka oili. Na tafadhali usioshee ndani ya ziwa.

"Petroli inaisafisha vizuri zaidi"

Inasafisha, na inaweza kukuchoma. Kama cheni yako ni ile yenye vipete vya mpira kati ya bamba, petroli inaviharibu. Mafuta ya taa na brashi laini yanatosha.

"Badilisha cheni, spoketi bado zina meno"

Chuma cha cheni hakivutiki kama mpira. Pini na bushi zinaliwa ndani, na nafasi zile ndogo zinajumlishana. Robo ya milimita tu kwa kila pingili, kwa cheni ya pingili 118, ni karibu milimita 30. Cheni ya namba 428, iliyo kwenye boda nyingi, ina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. Ivute inyooke, hesabu pini 21 ili upate nafasi 20, na upime kwa tepu: mpya ni milimita 254. Ikifika 259, imekwisha, hata kama inang'aa kwa oili.

Na meno ya spoketi yameliwa kufuata urefu wa cheni ile ya zamani. Ukivisha cheni mpya juu yake, rola zinapanda kwenye meno badala ya kukaa mabondeni. Unapata kelele siku ya kwanza na cheni iliyokufa kabla ya wakati wake. Nunua seti. Najua bei inauma, lakini utakuwa umelipa mara moja. Wakati wa kufunga, kilipi cha pingili ya kuungia kikae na upande wake uliofungwa ukitangulia kule cheni inakokwenda. Kikigeuzwa, jiwe au kipande cha kijiti kinaweza kukibandua, na cheni ikikatika kwa mwendo inaweza kufunga tairi au kupasua kava ya injini.

"Yangu ni skuta, haina cheni, haihitaji kitu"

Skuta ina mkanda wa mpira ndani ya kava ya pembeni, na mkanda nao unalia. Hapa mambo yanageuka: oili ambayo ni uhai kwa cheni ni sumu kwa mkanda. Unashika kwa msuguano, ukipata oili unateleza, unapata joto, unachakaa. Mlio wa kuondokea mara nyingi ni vumbi ndani ya kava, au mkanda uliolainika na kung'aa, au klachi yenyewe. Fungua, pangusa vumbi, kunja mkanda utazame nyufa kati ya meno yake ya ndani. Pikipiki kubwa chache za mkanda wa nje wenye meno zinalia kwa vumbi au kwa puli zisizo mstari mmoja. Sabuni laini na maji ndiyo dawa yake, kisha kipimo cha mstari. Mkanda ukiwa na ufa, nyuzi zilizochomoza au tundu la kokoto, usitafute cha kupaka. Ubadilishwe.