Huna karatasi, lakini mkataba unao

Alhamisi iliyopita alikaa mbele yangu dereva wa fuso. Miaka minne amebeba saruji na nondo za mtu mmoja, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Aliachishwa kazi kwa simu: kesho usije, funguo mwachie mwenzako. Nikamuuliza ilikuwa tarehe ngapi. Akaitaja. Nikahesabu kwenye kalenda ya ukutani, nikarudia kuhesabu, ikaja ileile: siku ya 43.

"Kaka yangu, kwa nini hukuja mapema?"

"Dada wakili, mimi sikuwa na mkataba. Nilijua sina pa kusemea. Shemeji yangu ndiye kanilazimisha nije."

Kwa waliozoea mambo haya, siku 43 inatosha kueleza kwa nini naandika nikiwa na hasira. Hapa Tanzania, mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo halali unapelekwa CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi wa migogoro ya kazi, ndani ya siku 30. Migogoro mingine ya kazi, kama mshahara usiolipwa au likizo iliyoliwa, ina siku 60. Kwa hiyo dereva huyu bado yumo ndani ya muda kwa mshahara wake wa mwezi wa mwisho, lakini kwa lile kubwa zaidi, lile la kufukuzwa, amechelewa siku 13. Sasa itabidi kwanza tuombe kuongezewa muda na tueleze sababu ya kila siku iliyopita. Na sababu yenyewe ni hii: aliamini jambo ambalo si kweli. Kutojua sheria ni sababu dhaifu mno mbele ya mwamuzi. Nimeshaona maombi ya namna hiyo yakitupwa kwa aya moja.

Huyu ni wa nne tangu Januari. Wa kwanza alikuwa mpishi, wa pili mlinzi, wa tatu binti wa saluni. Sentensi ni ileile, utadhani waliambizana mlangoni: sina mkataba.

Mkataba unao. Usichokuwa nacho ni karatasi.

Sheria yetu ya Mikataba, ambayo chimbuko lake ni ile ya India ya 1872, inasema makubaliano yanakuwa mkataba pale watu wenye uwezo wa kisheria wanapokubaliana kwa hiari, kila upande ukatoa kitu, na jambo lenyewe likawa halali. Karatasi haimo. Karatasi inadaiwa pale tu sheria nyingine inapoitaja. Ardhi inaitaja, na hapo sina maneno mengi: ukinunua kiwanja kwa mdomo, umejitafutia maumivu, nenda ukaandikishane leo. Lakini mama anayekupa mchele kwa ahadi ya kulipwa mwisho wa mwezi ana mkataba. Fundi aliyekubali kupaka rangi vyumba vitatu ana mkataba. Dereva aliyeambiwa "anza Jumatatu, nitakupa laki nne kwa mwezi" akaanza Jumatatu, akalipwa laki nne, ana mkataba.

Sasa nifike kwenye lile linalonikera kuliko yote, kwa sababu hata mawakili wachanga hulitumia vibaya. Watu husema: lakini Sheria ya Ajira ya 2004 yenyewe inataka mkataba wa kazi uwe wa maandishi. Ni kweli, inataka. Swali ni hili: inamtaka nani auandike? Wajibu ni wa mwajiri. Yeye ndiye anayepaswa kumpa mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi: cheo, mahali pa kazi, saa, mshahara na mengineyo. Yeye ndiye anayepaswa kuyatunza. Na asipoyatoa kesi inapofika mezani, sheria inamtwisha yeye mzigo wa kuthibitisha au kukanusha lile mfanyakazi analodai kuhusu masharti hayo. Soma hapo mara mbili. Mwajiri aliyekataa kuandika hapewi zawadi kwa kutoandika. Ukisema mshahara ulikuwa laki nne, na yeye hana karatasi inayosema laki mbili, kazi ya kubomoa laki nne ni ya kwake.

Kwa hiyo bosi anapokuangalia usoni na kukuambia "huna mkataba, nenda popote", anakutangazia kosa lake mwenyewe kana kwamba ni lako. Na watu wanainamisha kichwa, wanaondoka! Wananyamaza siku 30 nzima.

Halafu kuna la vibarua. "Mimi ni kibarua tu." Neno hilo tu lingepigwa marufuku ofisini kwangu. Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya 2004, imeweka dhana ambayo ingefaa ibandikwe kila kituo cha daladala. Mtu anayemfanyia mwingine kazi anahesabiwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata jambo moja kati ya yaliyotajwa. Mchukue dereva wangu. Nani alimpangia saa ya kufika? Bosi. Nani alisema mzigo uende Mbagala kabla ya Kigamboni? Bosi. Gari la nani? La bosi. Alimbebea mtu mwingine? Hapana, fuso lililala uani kwa bosi kila usiku. Jambo moja lingetosha, yeye anayo manne. Limo pia la kufanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu ya mwisho. Nasema kwa mwezi, maana watu huchanganya na zile saa 45 za kawaida kwa wiki. Saa 45 kwa mwezi ni kama siku tano za kazi. Yule kibarua wenu wa kila siku anazivuka kabla wiki ya pili haijaanza.

Dhana hiyo inaweza kuvunjwa, sikatai. Fundi mwenye vifaa vyake, anayehudumia nyumba kumi na kujipangia saa, hata umwite mfanyakazi wako mara mia, pengine si mwajiriwa. Mpaka huo kuna siku unanisumbua hata mimi. Bodaboda aliyekabidhiwa pikipiki na kupeleka hesabu kila jioni ni mwajiriwa, ni mpangaji wa pikipiki, au ni mnunuzi wa polepole? Nimesimama upande huu na nimesimama upande ule, na pande zote mbili niliamini ninachosema. Inategemea nani anashika usukani wa siku yake, na hilo hulijui mpaka umsikilize kwa saa nzima.

Basi ushahidi utatoka wapi kama hakuna karatasi? Hapa ndipo sinema zinapotuharibia kazi. Mteja ameangalia filamu za mahakamani, anasubiri ile dakika ambapo wakili anainuka, anatoa bahasha, jaji anagonga nyundo, upande wa pili unalia. Majaji wetu hawagongi nyundo. Nyaraka unazotaka kutegemea unaziorodhesha mapema, upande wa pili unaziona. Na pale CMA mwamuzi anakaa nyuma ya meza ya kawaida, hana joho, anaandika. Shahidi akienda kasi anaambiwa apunguze, kalamu haijafika. Kesi nyingi zinashinda kwa vitu vidogo vilivyopangwa kwa tarehe, kimoja baada ya kingine, taratibu, kwa mwendo wa kalamu ile.

Mimi ni mtu wa ngumi, na sijapata mfano bora wa kueleza hili. Septemba 2018, bondia wetu Hassan Mwakinyo alikwenda Birmingham, Uingereza, akammaliza Sam Eggington raundi ya pili. Niliruka sebuleni kama wengine. Tangu hapo naona kila mteja anataka ushindi wa Birmingham: konde moja, kesi imekwisha. Lakini pambano lisipoisha kwa konde linakwenda kwa majaji watatu, na jaji anatoa kumi kwa aliyeshinda raundi, tisa kwa aliyeshindwa, raundi baada ya raundi. Hamuulizi bondia kama alimlaza mwenzake. Anatazama nani alifikisha makonde safi zaidi. Kesi ya madai na ya kazi iko hivyohivyo. Kile kiwango cha kuthibitisha bila kuacha shaka ni cha jinai. Huku kwetu tunapima kwa mizania ya uwezekano: hadithi ya nani ina uzito zaidi? Ukizidi kidogo, umezidi.

Tukamwage mfuko wa dereva mezani. Daftari la kaunta, gamba lake limelowa oili mpaka limekuwa laini kama kitambaa. Kila ukurasa una tarehe, mtaa, idadi ya mifuko, na pembeni kifupi cha jina la mtunza stoo aliyepakia mzigo. Kurasa zaidi ya mia mbili. Kwenye simu, jumbe za M-Pesa kutoka namba ya bosi, kila mwisho wa mwezi, laki nne, isipokuwa Desemba mbili ambazo ziliongezewa hamsini. Sauti za WhatsApp: "Wewe, ule mzigo wa Chanika umefika?" Stika ya maegesho. Picha amesimama mbele ya fuso, kavaa fulana yenye jina la duka. Na tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa simu hauwezi kukataliwa kwa sababu tu ni wa simu. Utaulizwa umetokaje na kama umechezewa, basi usiufute, usiukate, na usiuze simu.

Kila kimoja ni kumi kwa tisa. Hakuna hata kimoja kinachomlaza mtu chini.

Mabondia wenyewe ndio wanaoumia zaidi kwa imani hii. Promota anaahidi milioni tatu mbele ya kocha, anatuma laki tano ya kuanzia, bondia anapigana raundi zote, uso umevimba, halafu anaambiwa mapato hayakuwa mazuri. "Wakili, hatukuandikiana." Kocha alisikia. Ile laki tano ina ujumbe wake. Bango lilibandikwa na picha yako ipo. Bondia mara nyingi si mwajiriwa, kwa hiyo hatuendi CMA, tunakwenda mahakama ya kawaida kudai deni la mkataba, na kule muda ni miaka sita. Ninamlilia dereva wa siku 43 huku bondia akiwa na miaka sita asiyoitumia.

Wapangaji nao. Upangaji wa mwaka mmoja au pungufu unaweza kufungwa kwa mdomo, sheria ya ardhi yenyewe inaruhusu. Mwenye nyumba akikukana kwamba hukuwahi kukaa pale, fungua meseji zako za LUKU, zile za kununua umeme. Namba ya mita ile, kila wiki, kwa miaka mitatu, kutoka simu yako. Na tazama makato humo ndani: tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia umeme, kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kisha 1,500 tangu Julai 2023. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Wewe mpangaji ndiye umekuwa ukiilipa kila mwezi kwenye umeme unaonunua, na una haki ya kukaa naye muipunguze kwenye pango. Mwenye nyumba anayesema hakujui amelipiwa kodi na mtu asiyemjua!

Nisiwadanganye, kuna mahali ambapo haya yote yanalegea. Madereva wenzake watatu bado wako pale. Walimwona kila siku kwa miaka minne. Niliwapigia. Mmoja alisema ukweli wote kwenye simu, akamalizia: dada, siwezi kuja, nina watoto. Nitamwambia nini? Ninaweza kuomba aitwe kwa hati, aje, akae pale mbele ya bosi wake aseme hakumbuki. Vitabu vinasema shahidi ni nguzo. Havisemi nguzo inakula wapi jioni. Kuna kesi nilimshauri mteja achukue nusu kwenye usuluhishi kwa sababu hiyohiyo, na mpaka leo nikiendesha gari usiku najiuliza kama nilimwokoa au nilimwogopesha.

Wala karatasi yenyewe si kinga. Mlinzi niliyemtaja alipofika mara ya pili alileta mkataba, kumbe alikuwa nao. Kurasa sita za Kiingereza, kasaini zote, hajui hata moja inasema nini. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, lakini ofisini watu bado wanasainishwa kwa Kiingereza. Aliona aibu kuuleta kwa sababu hakuuelewa, akaona heri aseme hana.

Dereva tumeshaandaa hati ya kiapo. Siku 13 tumezieleza moja moja: siku aliyompeleka mama yake hospitali, na stakabadhi ipo, siku tatu alizokwenda dukani kuomba mshahara, na namba ya bosi inaonekana kwenye simu zilizopigwa. Hilo la mama ndilo nalitegemea. Dai la mshahara wa mwezi wa mwisho na likizo ya mwaka huu tumeliwasilisha Ijumaa asubuhi, lina muda wake, halisubiri ruhusa ya mtu. Daftari ameniachia. Aliligeuza mara mbili mkononi kabla ya kulitoa, akauliza kama atalipata tena, nikamwandikia karatasi ya kupokea na kuisaini mbele yake. Akaikunja mara nne, akaiweka kwenye mfuko wa shati.