Usonji kwa wasichana: kwa nini hupita bila kuonekana

Usonji ni tofauti ya ukuaji wa ubongo inayoanza kabla mtoto hajazaliwa. Hugusa namna mtu anavyowasiliana, anavyohisi sauti na miguso, na anavyong'ang'ania utaratibu aliouzoea. Hauambukizi, hausababishwi na chanjo, na hakuna jirani aliyeloga.

Wavulana ndio wanaotambuliwa zaidi. Kwa miaka mingi ilisemwa ni wavulana 4 kwa msichana 1. Uchambuzi wa tafiti uliotoka 2017 ulishusha uwiano huo hadi karibu 3 kwa 1. Huenda maumbile yana sehemu yake, lakini kuna wasichana wengi tu ambao hawaonekani. Dalili zenyewe ziliandikwa kwa kuwatazama wavulana: kati ya watoto 11 aliowaeleza Leo Kanner, daktari wa Marekani ambaye maandishi yake ndiyo yaliyoutambulisha usonji, mwaka 1943, wasichana walikuwa 3. Daktari wa Urusi, Grunya Sukhareva, alikwishaandika kuhusu wasichana tangu 1927, ila wachache walimsoma.

Sasa njoo Dar. Mvulana wa Tandale anayepanga vizibo vya soda mstari mmoja na kupiga mayowe ukivigusa, mtaa mzima unamjua. Ataitwa mtundu, atachapwa (na fimbo haijawahi kutibu usonji), lakini mwisho kuna atakayemwambia mama yake ampeleke hospitali ya Muhimbili. Binti anainamisha macho, anapiga goti, "shikamoo", kisha kimya. Huyo anasifiwa: kalelewa. Kukwepa macho ni mojawapo ya mambo anayoyaangalia mtaalamu, ila kwetu kwa mtoto wa kike ni adabu, na nani atampeleka hospitali mtoto mwenye adabu?

Tena wasichana wengi hujifunza kujificha. Kwenye mchezo wa rede anacheka wenzake wakishacheka, anaiga sauti ya rafiki yake, anakariri cha kujibu kabla hajaulizwa. Wapo wavulana wanaofanya hivyo pia, lakini tafiti huona zaidi kwa wanawake. Hata anachokipenda kupita kiasi hakishtui: paka, mitindo ya nywele, wahusika wa tamthilia. Kinachotofautiana ni kina chake. Anaweza kukueleza paka saa nzima bila kugundua kwamba umechoka.

Kujificha huko kunachosha vibaya. Shuleni katulia, akifika nyumbani analipuka au anajifungia chumbani. Jumapili jioni akisukwa twende kilioni analia kama anachunwa, na mama anasema anadeka, kumbe kila mvuto wa nywele kichwani unamfikia kwa ukali ambao wewe huujui. Akifika ujana huenda akatibiwa wasiwasi au sonona tu, usonji wenyewe usionekane, miaka inapita. Wengine hujijua ukubwani, pale mtoto wao wa kiume anapopimwa.

Ukimpeleka binti kliniki, usitegemee ripoti ya mwalimu pekee. Eleza ya jioni, ya kusuka, ya chakula asichogusa. Ukiweza, mrekodi kidogo kwa simu akiwa nyumbani, umwonyeshe daktari.