Hifadhidata ya AIDE isikae kwenye seva inayoilinda

AIDE ni programu inayotambua faili za seva zilizobadilishwa, na hifadhidata yake ni kumbukumbu ya hali ya faili hizo. Tukienda kukagua seva, huwa tunaanza kwa kumuuliza msimamizi: hifadhidata ya AIDE iko wapi? Mara nyingi tunaonyeshwa `/var/lib/aide/aide.db.gz`, ndani ya seva ileile. Hapo mtunza stoo ameachiwa mzigo na daftari la kuuhesabia.

Programu za aina hii, tangu Tripwire ya Gene Kim na Gene Spafford wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, mwaka 1992, husoma faili muhimu na kuandika ukubwa, mmiliki, ruhusa na alama ya utambulisho. Alama hiyo hukokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye faili; ya SHA-256, njia mojawapo ya kuikokotoa, ina herufi na tarakimu 64. Ukigusa nukta moja ndani ya faili, inageuka yote. Kesho yake programu inasoma tena na kulinganisha.

Sasa mtu akishapata mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, anabadilisha `/usr/sbin/sshd`, programu inayopokea wanaoingia kwenye seva kutoka mbali, anaendesha `aide --init`, amri ya kutengeneza hifadhidata upya, kisha anaweka hifadhidata mpya mahali pa ile ya zamani. Ripoti ya asubuhi inakuja safi kabisa. Usitegemee `chattr +i`, amri ya kufunga faili isibadilishwe. Root anaiondoa kwa amri moja.

Tengeneza hifadhidata mfumo ukiwa mpya, kabla seva haijaunganishwa na mtandao, uitoe nje. CD-R inafaa bado, wacha vijana wacheke. Ukitumia mashine nyingine, yenyewe ndiyo ije kuchukua nakala. Seva ikipewa ufunguo wa kupeleka, mvamizi naye ameupata. Kadi ya SD yenye kitufe cha kufunga isikudanganye: kitufe kile ni ombi tu kwa kisomaji.

Toa pia programu yenyewe na `aide.conf`, faili ya mipangilio yake. Mstari mmoja, `!/usr/sbin`, unatosha kuifanya AIDE ipite saraka hiyo bila kuitazama. Na ukiwa na shaka kubwa, washa seva kwa diski ya nje ndipo ukague, maana kiini cha mfumo kilichoingiliwa kinaweza kuisomea AIDE uongo.

Kabla ya kusakinisha masasisho, kagua kwanza, la sivyo utahalalisha mabadiliko ya mvamizi pamoja na yako. Ukimaliza, tengeneza hifadhidata mpya, itoe siku hiyohiyo, na uandike alama yake ya SHA-256, inayotolewa na amri ya `sha256sum`, kwa kalamu kwenye daftari la zamu. Zote 64 zikikuchosha mkono, andika 12 za mwanzo na 12 za mwisho.