Herufi tano za ripoti ya figo, na namba zinazosahaulika

Mimi ni mwanapatholojia; husoma vinyama vya figo chini ya hadubini. Juzi daktari mmoja kijana alinipigia simu, ripoti yangu ya mgonjwa wa nefropathia ya IgA iko mkononi mwake. "Daktari, umeandika M1 E0 S1 T1 C0. Sasa huyu mgonjwa figo zake zitafeli lini?"

Nikamrudishia swali: kwa siku anapoteza gramu ngapi za protini kwenye mkojo? Kimya. Kwenye fomu iliyokuja na kinyama cha biopsi, yaani kipande kidogo cha figo kilichotolewa kwa uchunguzi, nafasi hiyo ilikuwa tupu. Nyingi huja hivyo; nimelalamika mpaka basi.

Ugonjwa huo ulielezwa Paris mwaka 1968 na Jean Berger na Nicole Hinglais. Kingamwili aina ya IgA hunasa ndani ya vichujio vidogo vya figo, vile tunavyoviita glomeruli. Chini ya hadubini ya mwanga wa fluoresensi naiona inang'aa kijani katikati ya kichujio, imetawanyika kama matawi ya mti. Inapendeza macho, sikatai. Lakini mng'ao ule hunipa jina la ugonjwa tu. Kuhusu kesho ya mgonjwa inabidi nitazame makovu na uvimbe, na hapo ndipo herufi zinapoingia. Mfumo wa herufi hizo, uitwao wa Oxford, ulitoka mwaka 2009 ukiwa na nne za kwanza: M, E, S na T.

Mimi huanza na T, yaani kovu na kusinyaa kwa mirija ya figo, ingawa haiko mwanzoni. Nikitumia lenzi ndogo na rangi ya trikromu, kovu linajitokeza kwa buluu, na mirija iliyosinyaa inaonekana imebanwa humo. Likifika robo ya gamba la figo au chini yake, ni T0. Likipita nusu, ni T2. Wanapatholojia wawili wakipewa slaidi moja, kwenye T hawapishani sana, na tafiti nyingi zimeikuta ndiyo inayotabiri vizuri zaidi. Haishangazi: kovu halirudi kuwa figo.

S na E zina mtego wake. Kichujio kimoja tu chenye kovu la sehemu kinatosha kuandika S1. Sasa kinyama kikiwa na vichujio sita, S0 yangu ina maana gani? Kwamba sikuliona kovu, basi. Ndiyo maana mfumo unataka angalau vichujio 8, na ndiyo maana idadi naiandika juu kabisa ya ripoti. Tafadhali isomeni kabla ya herufi.

E ni seli zilizojazana ndani ya kapilari, uvimbe ulio hai. Tafiti zimegongana juu yake, na sababu yake nadhani inaeleweka: daktari akiona E1 huwahi kutoa steroidi, uvimbe unatulia, halafu kwenye takwimu E inaonekana haikuwa na neno. C, yaani hilali, seli zilizojazana pembeni mwa kichujio kwa umbo la mwezi mwandamo, haikupata nafasi mwanzoni kwa kuwa utafiti wa kwanza uliwaacha nje wagonjwa ambao figo zao zilikuwa zimeshadhoofika sana. Iliongezwa baadaye. Hilali zikiwa chini ya robo ya vichujio, hatari ilionekana kwa wasiopewa dawa za kushusha kinga; zikifika robo au kuzidi, hatari ilibaki hata kwa waliopewa.

M, yaani seli kuongezeka katikati ya kichujio, nitaipita; peke yake hainibadilishii mawazo.

Tangu 2019 kuna kikokotoo cha kimataifa kinachochanganya M, E, S na T na umri, shinikizo la damu, protini ya mkojo, kiwango cha uchujaji na dawa anazotumia mgonjwa, kisha kinatoa uwezekano wa kupoteza nusu ya uchujaji au figo kufeli kabisa ndani ya miaka mitano. C haimo. Wala hakisemi dawa fulani itamfaa nani. Kinapima hatari tu, na wengi wanakitumia kana kwamba kinaandika cheti cha dawa.

Chukua wagonjwa wawili wenye herufi zilezile za yule wa simu. Mmoja anapoteza gramu 0.4 kwa siku, shinikizo limetulia. Mwingine gramu 3, shinikizo liko juu. Slaidi zao zinaweza kufanana kama mapacha, na bado safari zao zikaachana mbali.

Baada ya nusu saa simu ikaita tena. Alikuwa amelipata faili: gramu 2.4, shinikizo 150 kwa 95, na dawa ya shinikizo hajaanzishiwa.

"Haya," nikamwambia, "sasa tuisome ripoti."