Kuchanganya mchoro wa mistari na kolaji maana yake nini hasa?

Ukimtajia mtu kolaji, haraka haraka anawaza lile bango la darasani, picha za magazeti zimekatwa zikajazwa kwenye manila mpaka hakuna pa kupumua. Sio uongo, ile nayo ni kolaji. Neno lenyewe asili yake ni Kifaransa, coller, yani kubandika kwa gundi, kwa hiyo chochote unachokata au kuchana ukakibandika kikawa sehemu ya picha, ushaingia humo. Mchoro wa mistari ndo ule unaosimama kwa mstari mtupu, penseli au kalamu ya wino, hakuna rangi hakuna kivuli, ukichora kikombe unachora ukingo wake na mkono wake basi, katikati panabaki peupe.

Sasa kuchanganya sio kuchora halafu kubandika kitu pembeni kipendezeshe. Hapo ndo wengi tunakosea, na mi nimekosea hivyo muda mrefu tu. Ninavyoelewa sasa hivi, vinagawana kazi: mstari unakwambia hiki ni kitu gani, karatasi inakwambia kimetengenezwa na nini au kimetoka wapi. Kama karatasi inarudia tu kile mstari ushasema, itoe.

Mfano mzuri ni wa zamani kabisa. Mwaka 1912 kule kusini mwa Ufaransa, mchoraji Georges Braque alinunua karatasi ya kubandika ukutani iliyochapwa mistari ya mbao, akabandika vipande kwenye karatasi yake, halafu akachora kwa mkaa bakuli la matunda na glasi, mistari mingine ikapita juu ya vile vipande. Yani hakuhangaika kuchora mbao, mbao ilishakuja imechapwa tayari, mkaa ukabaki na kazi ya maumbo tu. Miezi michache kabla yake Picasso, mchoraji rafiki yake, alikuwa ameshabandika kitambaa cha mezani kilichopakwa mafuta chenye picha ya ukili wa kiti kwenye picha yake akaizungushia kamba, lakini kwa habari ya mstari na karatasi kukaa pamoja mi namwangalia zaidi Braque.

Kwa huku kwetu yupo msanii Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, 1972. Ana mfululizo wa vichwa vya wanawake alivyovijenga juu ya kurasa za zamani za kitabu cha tiba, zile zenye michoro ya magonjwa ya uzazi, akabandika midomo na macho ya majarida ya urembo. Ukitazama kwa mbali ni sura, ukisogea unaona jarida na ugonjwa vimekaa kwenye uso mmoja. Angechora kila kitu kwa mkono, hilo lisingetokea, kwa sababu ile karatasi imekuja na maneno yake.

Mimi nilikielewa hiki kitu kupitia karanga. Nilikuwa nachora kwa ajili yangu tu watu wanaouza vitu mtaani kwetu, hakuna aliyenituma wala wa kunilipa, yani mradi binafsi, masharti unajiwekea mwenyewe. Picha ya mama wa karanga ilikuwa inanigomea, nimechora beseni, nimechora mikono, imekaa tu kama katuni ya kitabu cha shule. Siku hiyo nimenunua karanga za mia tano, nimemaliza kula, nikafungua ile karatasi aliyofungia, kumbe ni ukurasa wa daftari la hesabu la mtoto, kugawanya kwa tarakimu mbili, vyema vya mwalimu vyekundu na kosa moja, na alama ya mafuta katikati. Nikaikata umbo la gauni lake nikabandika, nikapitisha mstari wa mabega na kiuno juu yake. Sikuongeza kitu kingine. Kila anayeiona ananiuliza la yule mtoto, wakati mtoto sijamchora popote.

Kwenye kufanya kuna mambo ya kijinga yanayoweza kukuharibia. Karatasi ya kawaida ya printa, ya gramu 80, ukiipaka gundi nyeupe ya maji inajikunja kama imenyeshewa, bora manila au karatasi nzito ya kuchorea, gundi nyembamba kwa brashi, halafu uilaze chini ya vitabu vizito usiku mzima. Usichore kwa kalamu ya wino wa maji ukaja kupaka gundi juu yake, mi nilipoteza sura nzima ya fundi viatu hivyo, wino ukatawanyika mpaka akaonekana analia. Bandika kwanza, ikauke, ndo uchore, na ukifika kwenye karatasi ya jarida inayong'aa tumia makapeni maana kalamu nyingine zinateleza tu. Gazeti nalo linageuka njano likikaa kwenye mwanga, kuna kitu cha mti ndani yake kinaitwa lignini, kwa hiyo kama unataka picha idumu toa kopi ya lile gazeti ubandike kopi. Wanaofanya kwenye kompyuta wanaskani karatasi peke yake na mchoro peke yake, wanapanga juu kwa juu, ni rahisi, gundi hakuna, ila mi napenda ule ukingo uliochanwa kwa mkono.

Swali ninaloulizwa sana ni kiasi gani kibandikwe. Hakuna kipimo, lakini jaribu kubandika kipande kimoja kwanza halafu uiache siku mbili ukutani. Ya mama wa karanga niliitengea vipande vitano mezani, kitenge cha kilemba, lebo ya mfuko wa chumvi na vingine, na vinne bado viko kwenye bahasha.