Picha kali pekee hazifanyi gemu ya pili kuwa bora

Wengi huamini kwamba toleo la pili la gemu hulishinda la kwanza kwa picha kali. Si kweli. Chukua gemu ya mapigano Street Fighter ya 1987: mchezaji wa kwanza alicheza kama mpiganaji Ryu, wa pili kama Ken, basi. Kurusha tufe la moto, pigo lao maalumu, kulikuwa kazi kwelikweli. Ukikosea kidogo kuzungusha kijiti cha kuchezea, hakitoki kitu. Street Fighter II ya 1991 ilikuwa na picha nzuri zaidi, sawa, lakini kwangu ushindi wake ni vidole kutiiwa, na wapiganaji wanane wa kuchagua, kila mmoja na mtindo wake. Hata mapigo ya mfululizo, roho ya gemu za mapigano hadi leo, yalizuka humo bila kupangwa. Watengenezaji wakayaona, wakayaacha.